Vipande Mia Moja Thelathini na Tano

Kijitabu kilikuwa na kurasa nane, na jaladani palikuwa na picha ya mwanamke aliyefumba macho huku ameshika kikombe kwa mikono miwili. Kiliitwa "Wiki ya Kurejesha Nguvu". Mume wangu alikuja nacho Ijumaa jioni, pamoja na barua ya likizo na fomu ya kurasa mbili, akaviweka vyote kwenye meza yangu ya kukatia nguo, juu ya kitambaa nilichokuwa nimekwisha kukichora chaki.

"Nimepewa wiki," alisema, kwa sauti ya mtu aliyetoka mahakamani.

Mume wangu ni mkuu wa bohari ya vipuri vya mitambo. Kila kilichomo humo, kuanzia injini hadi nati, kina rafu yake na kadi yake, na kadi zote zimeandikwa kwa mkono wake. Kazini na mtaani wanamwita Bwana Kadi. Waliomwita hivyo mara ya kwanza walikusudia dhihaka. Yeye akalipokea jina kama cheo. Kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kukaa nyumbani zaidi ya siku mbili mfululizo, hadi alipoletwa ofisa mpya wa utumishi ambaye aliamini, kwa ushahidi wa semina ya siku tatu, kwamba mfanyakazi aliyechoka ni hasara. Wakuu wote wa vitengo wakaamriwa kupumzika. Si kusafiri. Kukaa nyumbani, bila simu za kazi, bila haraka, kwa "shughuli nyepesi za kuburudisha nafsi". Sehemu ya tatu ya fomu ilikuwa ya mwenza: athibitishe kwa saini kwamba mfanyakazi amepumzika kweli. Bila saini hiyo, wiki nzima ingehesabiwa utoro.

Aliyeandika kijitabu alichukulia kwamba nyumbani ni mahali ambapo hakuna anayefanya kazi. Kwetu, nyumbani ndipo ninapofanyia kazi. Nilifundisha hesabu miaka kumi na mmoja, kisha nikaacha nikaanza kushona, na sasa ni mwaka wa sita. Cherehani mbili ziko dirishani, mashine ya kumalizia pindo iko karibu na mlango, meza ya kukatia iko katikati. Sofa ndefu, ambayo kwa wenzetu ni ya wageni, kwangu ni ya nguo zilizokatwa, kwa kuwa ndiyo sehemu pekee sebuleni isiyofikiwa na vumbi la viatu.

Wiki hiyo nilikuwa na magauni ishirini na sita ya sare za wauguzi. Hospitali moja ilikuwa inafungua jengo jipya, na muuguzi mkuu alinieleza waziwazi, bila ubaya wowote: "Haya ni mtihani wako, fundi. Yakifika Jumamosi saa nne, na yakawakaa, sare za wafanyakazi wengine wote ni zako. Yasipofika, tunanunua za kiwandani. Ndogo, wastani, kubwa, basi." Wauguzi wale walikuwa wamevaa za kiwandani miaka yote, wakikunja mikono na kubana viuno kwa pini. Nilimpima kila mmoja mwenyewe, vipimo kumi na viwili kwa kila mtu. Mimi nami nilikuwa nimechoka na kazi za kuokoteza, leo suruali ya kupunguza, kesho zipu ya kubadilisha. Kazi ile niliitaka kuliko kazi yoyote niliyowahi kuitaka.

Hadi usiku wa Ijumaa hiyo yote yalikuwa yamekatwa, na machache yameshonwa. Kila gauni lina vipande vinane: mgongo, vipande viwili vya mbele, mikono miwili, kola, na mifuko miwili. Vipande vya mtu mmoja nilivikunja pamoja, nikavifunga kwa utepe wa kitambaa, nikabana kwa pini karatasi yenye jina. Mafurushi hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye sofa.

"Ukurasa wa tano," alisema mume wangu akiinua kijitabu, "unataka mahali patulivu pa kujinyoosha."

"Kuna kitanda."

"Kitanda ni cha usiku. Wameeleza."

Jumatatu asubuhi tulikuta ratiba imebandikwa ukutani, kwenye karatasi ya mraba, mistari imepigwa kwa rula. Saa 2:00, kuamka bila haraka. Saa 2:30, chai (mke). Saa 3:00, kutulia. Saa 4:00, kutulia (inaendelea). Wifi yangu, mdogo wake wa kike anayeshona pamoja nami, aliisoma yote akiwa bado na mkoba begani.

"Kaka, saa nne na nusu umeandika 'kutazama mbali'. Mbali wapi? Dirisha linatazama ukuta wa jirani."

"Ukuta uko mbali kiasi."

"Na saa tisa, 'kucheka'. Peke yako?"

"Kijitabu kinasema dakika kumi kwa siku. Hakisemi na nani."

Saa tano alipiga simu bohari. Tulimsikia vizuri, maana sebule ni moja. "Napiga kuwakumbusha kwamba msinipigie," alisema. Upande wa pili ikaja sauti ya msaidizi wake: "Hatujakupigia, bosi." "Najua. Endeleeni hivyo hivyo." Saa nane alipiga tena kuuliza kama wanaendelea hivyo hivyo. Walikuwa wanaendelea. Alikata simu, akabaki ameishika kiganjani, na dakika zake kumi za kucheka zilipita bila kutumika.

Jumanne alihamia kibarazani, akiwa na nguo za kulalia. Jirani yetu, dereva wa lori aliyestaafu, alimwona saa tatu asubuhi, akazunguka hadi dirishani kwangu na kuinamisha kichwa.

"Mama, poleni sana."

"Kwa lipi?"

"Si… unga umemwagika?"

"Haujamwagika. Yuko likizo."

"Ndiyo, ndiyo." Alitikisa kichwa kwa upole wa mtu anayeheshimu uongo wa mwenzake. "Hata mimi walinipa likizo hivyo hivyo. Mwaka wa kumi sasa."

Kufika adhuhuri wengine wawili walikuwa wameshampa pole, mmoja akamwachia namba ya mtu anayetafuta mlinzi. Alasiri mume wangu alivaa shati la kazini, akachomeka kalamu mfukoni, akarudi kibarazani kupumzika kwa heshima.

Jumatano asubuhi yalikuwa yamebaki magauni kumi na saba. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: matano siku hiyo, sita Alhamisi, sita Ijumaa. Saa tatu mimi na wifi tukaenda kununua vifungo. Tulimwacha akitulia (inaendelea). Tulirudi saa tano na nusu.

Sofa ilikuwa tupu. Tuseme haikuwa tupu: mume wangu alikuwa amejinyoosha juu yake kutoka ncha hadi ncha, viganja juu ya tumbo, kama mchoro wa ukurasa wa tano. Alifumbua jicho moja.

"Tazameni meza," alisema.

Juu ya meza yangu palikuwa na marundo yaliyonyooka kama matofali, na mbele ya kila rundo kadi. MIGONGO, 17. MBELE KULIA, 17. MBELE KUSHOTO, 17. MIKONO KULIA, 17. MIKONO KUSHOTO, 17. KOLA, 17. MIFUKO, 33. Pembeni, ndani ya visosi vyangu vya chai: VITEPE, 17. PINI, 17. Na rundo dogo la karatasi: MAJINA, 17 (kwa alfabeti).

Wifi aliketi sakafuni, mfuko wa vifungo mapajani.

"Vilikuwa vimechanganyika," mume wangu alieleza, akiinuka. "Kila furushi lina kola, lina mkono, lina mfuko. Mtu akitaka kola zote, ataanzia wapi?"

"Nani anataka kola zote?" nilimuuliza.

Alifikiri. "Mtu yeyote."

"Hakuna mtu huyo."

"Tena kuna upungufu." Alishusha sauti, kwa hisani. "Mifuko inatakiwa thelathini na nne. Umepoteza mmoja. Sikutaka kukuumbua mbele ya wifi yako."

"Wifi yake anasikia," alisema wifi kutoka sakafuni.

"Sikupoteza kitu. Kuna muuguzi mmoja aliyeomba mfuko mmoja tu. Akiwa na miwili, madaktari humtumbukizia kalamu zao na kumgeuza kikombe cha kalamu."

"Haijaandikwa popote."

"Iliandikwa. Kwenye karatasi iliyobanwa kwenye furushi lake."

Aligeuka akatazama karatasi kumi na saba zilizopangwa kwa alfabeti, kisha kola kumi na saba zilizofanana kama sahani za hoteli. Nilimwona akitazama huku, akitazama kule, akirudi huku. Hapo likamwingia.

"Hakuna kilichopotea," alisema, safari hii polepole.

Alikuwa anasema kweli. Vipande mia moja thelathini na tano, vyote vilikuwapo, safi, bila kukunjamana. Kilichoondoka ni kujua kipi ni cha nani, na hicho hakina rafu.

Sikupiga kelele. Kelele zingechukua robo saa, na nilikuwa na hesabu ya kufanya. Daftari la vipimo ninalo. Kila kipande kipimwe, kitolewe sentimita moja na nusu ya pindo kila upande, kilinganishwe na daftari: dakika mbili na nusu, nikiwa na msaidizi mwepesi. Kola na mifuko zina shida ndogo, lakini migongo, mbele na mikono ni vipande themanini na tano. Hadi jioni, bila kushona hata tundu moja la kifungo. Magauni matano ya Jumatano yalikuwa yamekwenda na maji.

"Baba watoto," nilisema, "chukua futi."

"Mimi?" Aliangalia ukuta. "Sijamaliza kutazama mbali."

"Kaka," alisema wifi, "mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tuhesabu. Jumatatu, Jumanne…"

"Mimi si mgeni. Nyumba hii ni yangu."

"Ndiyo maana hukupewa jembe siku ya kwanza."

Alikimbilia fomu. Akaisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari: mfanyakazi ajiepushe na kazi. Nilimwomba fomu, nikamalizia sentensi aliyoikatisha: "…na kazi za ofisi."

"Hapa ni ofisini?" nilimuuliza.

"Hapa ni sebuleni."

"Basi chukua futi. Na ukumbuke mwenza anayetia saini ni mimi, na Jumamosi saa nne haijafika."

Aliichukua. Na lazima niseme ukweli: sijawahi kuona mtu anayepima kama yeye. Hakuvuta kitambaa, hakukisia, hakuzungusha tarakimu. "Mkono, kulia, hamsini na nne nukta tano," alitangaza, nami nikatafuta daftarini, wifi akapokea na kuweka mahali pake. Saa nane alinyamaza ghafla, ameshika mkono mmoja kila kiganja.

"Huu wa kulia ni hamsini na nne. Wa kushoto wenye upana huu huu ni hamsini na mbili. Ulikosea kukata."

"Sikukosea. Ni wa mtu mmoja. Alivunjika mkono utotoni, ukaunga vibaya."

"Kwa hiyo hii ni jozi?"

"Ni jozi."

Aliviweka pamoja taratibu, kama mtu anayelazimishwa kusaini kitu asichokiamini. Lakini alikuwa mwepesi wa kujifunza, na kabla ya saa tisa ni yeye aliyekuwa anazitafuta tofauti hizo. Huyu bega moja limeshuka. Huyu mgongo umeinama. Huyu ana kifua cha watu wawili, samahani, mke wangu, nasoma tu namba. Wote ambao bohari ingewaandikia kasoro walipata nguo zao mapema, maana hakuna kipande kingine duniani ambacho kingewatosha. Waliotutesa ni watano wa wastani, ambao tofauti yao ilikuwa nyembamba kuliko mstari wa chaki. Hao niliwagawia nilivyoweza. Ambapo futi haioni tofauti, mwili nao hautaiona.

Tulifunga furushi la mwisho jua likiwa bado halijatua. Mume wangu alirudisha vitepe vyote kumi na saba, kila kimoja kwa fundo mara mbili, akarudisha pini na majina, kisha akasimama mbele ya ukuta na kuitazama ratiba yake.

"Kesho saa tatu niko huru?" aliuliza.

"Kesho saa tatu unapiga pasi."

Hapo ndipo hesabu ilipowezekana. Wifi akiacha vifungo na pasi na kukaa kwenye cherehani ya pili, tungeweza kushona manane Alhamisi na tisa Ijumaa. Vifungo na pasi vikamwangukia aliye likizo. Gauni la kwanza alilipiga pasi kwa dakika arobaini, akiinama kuitazama kola kwa upande kama seremala anayekagua ubao. La nne lilimchukua dakika kumi na mbili. Nafasi kati ya kifungo na kifungo aliipima kwa rula, na sikumkataza, kwa kuwa nami ningeipima.

Alhamisi alasiri simu yake ikalia. Ilikuwa bohari, hatimaye. Mkanda wa pampu haukuonekana. Mume wangu alikuwa na sindano mkononi na uzi mdomoni, akabana simu kwa bega.

"Niko kazini, nitakupigia," alisema, akakata.

Wifi alisimamisha cherehani. Mimi nikasimamisha yangu. Yeye akakodoa macho kuielekea simu, kisha akapiga haraka. "Samahani. Nilitaka kusema niko likizo. Rafu ya sita, chini, nyuma ya makopo." Akakata tena, akaendelea na kifungo chake, na masikio yamemwiva.

Fomu niliijaza Ijumaa jioni. Swali la nne liliuliza kama mfanyakazi anaonyesha dalili za nguvu mpya. Nilimtazama: alikuwa kwenye gauni la ishirini na nne, anapiga pasi, anapiga na mluzi. Nilikuwa sijamsikia akipiga mluzi tangu watoto waende shule ya bweni. Niliandika ndiyo, nikatia saini, na sikuongeza neno.

Jumamosi tulifika hospitali saa nne kasoro dakika kumi, mimi na mume wangu, magauni ishirini na sita yamening'inizwa kwenye fimbo mbili. Wifi tulimwacha amelala kwenye sofa. Muuguzi mkuu alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba, na hakuwa na maneno ya kupoteza. Aliwaita wote ishirini na sita, mmoja mmoja, chumba cha kubadilishia nguo. "Vaa. Inua mikono. Inama. Kaa." Waliinua, wakainama, wakakaa. Yule aliyewahi kuvunjika alinyoosha mikono yote miwili mbele yake. Pindo zote mbili zilikuwa zimeishia kifundoni. Alizitazama, moja, ya pili, akatoka kurudi wodini na gauni mwilini, la zamani ameliacha sakafuni.

Wa tisa alisimama mbele ya kioo na kukunja uso.

"Fundi, mimi nilisema mfuko mmoja."

Gauni lake lilikuwa na miwili. Wa pili ulikuwa umeshonwa vizuri, kwa kitambaa kile kile, pamba ile ile. Muuguzi mkuu alishusha miwani.

"Uliomba mmoja?"

"Mmoja. Na aliandika, nilimwona akiandika."

"Kwa hiyo hujui kusoma ulichoandika?" Muuguzi mkuu aliniuliza mimi. "Kumi na saba hawajavaa bado. Nijue kuna mengine ya namna hii?"

Nilihesabu kichwani vipande mia moja thelathini na tano, na kimoja zaidi, kilichoshonwa kwa haraka bila mtu kuisoma tena karatasi. Sikuhitaji kumtazama mume wangu. Nilichukua kiwembe mkobani, nikapiga magoti mbele ya muuguzi yule, nikafumua mfuko uzi kwa uzi bila kugusa kitambaa cha chini. Ilichukua dakika nne. Nilipokwisha, nililainisha mahali pale kwa ukucha, palikuwa safi.

Wale kumi na saba wengine walivaa. Yaliwakaa. Wa wastani watano walivaa yakawakaa, na nikapumua.

Muuguzi mkuu alivuta faili. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na kadi mkononi, akiweka alama kila gauni lilipopokelewa, shati la kazini, kalamu mfukoni. Muuguzi mkuu akamgeukia yeye.

"Bwana, naona wewe ndiye msimamizi. Kuna wafanyakazi mia moja arobaini na wanne waliobaki. Kabla sijaandika jina la mtu hapa, nataka kujua kazi hii inasimamiwa vipi nyumbani kwenu."

Aliniangalia. Nilimwacha ajibu mwenyewe.

"Mimi napiga pasi, mama," alisema. "Na ule mfuko wa pili niliukata mimi, kutoka kwenye mabaki, nikautia kwenye furushi bila kumwambia mtu. Hesabu ilikuwa inanikera. Yeye aliandika mmoja, na alikata mmoja. Jina la kuandika ni lake."

Muuguzi mkuu akavuta kalamu mfukoni mwa shati la mume wangu, akaandika jina langu kwenye faili, na hakuirudisha kalamu.

"Mia moja arobaini na wanne," aliniambia. "Lini?"

Nilimgeukia mume wangu.

"Likizo yako nyingine ni lini?"

"Mwakani. Mwezi wa sita."

"Zitakuwa tayari mwezi wa tano," nilimwambia muuguzi mkuu, naye akaandika.